Kiti cha Inchi Ishirini

Makochi yote yaliyotoka nyumbani kwa wifi yangu kwa miaka kumi na tisa yalipimwa kwa mwili mmoja, nao ni wake. Tepu anazo, tena mbili, ya kitambaa na ya chuma, na anajua kuzitumia. Lakini kazi ikifika mwisho, kabla hajamwita mwenye mali, huweka nyundo chini, hujipangusa nyuzi kwenye gauni, hugeuka na kukaa. Hukaa kimya kama dakika mbili hivi. Akiinuka husema, "Limenikubali," au husema, "Bado," na ikiwa ni bado, pini zinang'olewa na kazi inaanza upya. Sijamsikia hata siku moja akisema kwamba yeye amelipenda kochi. Kwake, kochi ndilo linalomkubali mtu.

Mtaani wanamwita Ketikwanza. Jina hilo alipewa na wateja, maana mtu akifika na kabati lililong'oka mlango, au kitanda cha mtoto ambaye siku hizi ana ndevu, neno la kwanza analolisikia ni "Keti kwanza." Mtu akitafuta pa kuketi ndipo anapogundua kwamba nyumba ya fundi makochi haina kochi la kwake. Ina kigoda kimoja, ndoo mbili za rangi zilizogeuzwa juu chini, na mafurushi ya sponji. Kinyozi hajinyoi.

Alianza kazi hii bila kuipanga. Alikuwa akishona sare za shule katika duka la mtu. Duka likafungwa, naye akabaki na cherehani, binti wa miaka mitano, na mume dereva aliyekuwa akirudi nyumbani kwa zamu, mpaka ikafika zamu ambayo hakurudi tena. Ndani kulikuwa na kitanda kidogo ambacho miguu ya binti ilikuwa inachungulia nje. Akakata ubavu mmoja wa kitanda hicho, akakunja godoro lilelile mara mbili, akalivika kitambaa cha kijivu kilichobaki kwenye sare, na akapata kiti cha watu wawili. Jirani aliyekuja kuazima pasi alikaa hapo kidogo tu, akaondoka jua linazama. Wiki iliyofuata akaleta meza yake iliyolegea miguu, akasema, "Na mimi nataka hivyohivyo." Tangu hapo hakuna mbao ambayo haijapita mikononi mwa wifi: meza za ofisi, masanduku, milango ya makabati, vitanda vya kila umri.

Kazi ilimlipa, na yeye akailipa kwa mwili. Kidole gumba cha mkono wa kulia hakikunji tena, kwa sababu ya kuvuta kitambaa kwenye kona. Jino moja la mbele limekatika pembe kwa kubana misumari mdomoni. Wateja wa zamani wamezoea kuzungumza naye huku akijibu kwa nyusi. Mgongo nao una habari zake, na ndio uliotuletea mambo.

Mama mzazi wa wifi na mume wangu, yaani mkwe wangu, alihamia kwa wifi miaka mitatu iliyopita, akaja na mkongojo, sanduku, na kitanda chake kikubwa cha mbao nyekundu ambacho chumba hakikuweza kukipokea. Kikafunguliwa vipande na kuegemezwa ukutani sebuleni, na yeye akapewa kitanda chembamba cha chuma. Hakulalamika. Alichokitaka kilikuwa ni kukaa mlangoni pa sebule, sebule ambayo ndiyo karakana, aone uani na aone kila kinacholetwa. Mama alikuwa na maoni kuhusu kila fanicha.

"Hili lilikuwa kabati au ajali?" alimuuliza mteja mmoja, muuza dawa, mtu mwenye heshima zake.

"Lilikuwa kabati, Mama. Mchwa ndio waliofanya ajali."

"Basi umeleta mchwa, kabati umeliacha nyumbani."

Muuza dawa alicheka hadi akavua miwani. Alirudi mwezi uliofuata bila kitu cha kutengeneza, akidai alikuwa anapita.

Kisha Mama akaanguka bafuni. Nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji, na daktari akaruhusu arudi nyumbani kwa maneno machache: akae, asimame, atembee, kila siku. Kutembea hakukumshinda sana. Akishasimama, huushika mkongojo na kujikokota taratibu hadi chooni na kurudi. Kilichomshinda ni kuinuka. Kile kitanda cha chuma kilikuwa kimebonyea katikati kama bakuli, na kigoda kilikuwa kifupi. Kwa hiyo wifi akawa ndiye miguu yake. Alimnyanyua asubuhi, akamnyanyua saa nne, akamnyanyua mchana, na kati ya hapo akavuta vitambaa. Mwezi wa saba wa hali hiyo mgongo ukagoma wakiwa wamesimama katikati ya chumba, wakaenda chini wote wawili, mama juu ya binti. Hawakuvunjika. Walilala hapo sakafuni mpaka muuza dawa alipopita na kuwakuta.

Habari zikamfikia mume wangu, ambaye ni kaka mkubwa wa wifi. Akaenda, akaketi juu ya ndoo ya rangi, na kusema alichosema.

"Mama nitamchukua. Nakupa wiki mbili. Nikija Jumamosi ya pili nikamkuta anaweza kuinuka mwenyewe, bila kushikwa na mtu, abaki. Akiwa hawezi, tunaondoka naye siku hiyohiyo. Sitaki kuja kuwazika wawili."

Hakusema kwa ubaya. Lakini sisi tunakaa ghorofa ya tatu katika jengo lisilo na lifti, na kila mtu pale alijua kwamba Mama akipanda ngazi zile, hatashuka. Dirisha letu linatazama ukuta wa jengo jingine. Hakuna anayepita na kabati.

Nami sikuwa mtu wa nje katika jambo hili. Aliyesema "nitamchukua" alikuwa mume wangu, ila ambaye angemnyanyua ni mimi. Nina miaka hamsini na miwili. Nilipojitolea kwenda kushinda kwa wifi wiki zile mbili kumsaidia, watu walinisifu, nikaziacha sifa zipite bila kuzirekebisha.

Siku ya kwanza nilimkuta wifi amesimama mbele ya vipande vya kitanda chekundu, kidole gumba kikiwa mdomoni.

"Wifi," akasema, "anataka kiti. Kiti chenyewe hakipo hapa."

"Kuna makochi manne ya wateja humu ndani."

"Ya wateja."

Mama alisikia kutoka chumbani. "Kata kitanda changu!"

"Mama, hicho ni kitanda chako na Baba."

"Baba yako hakihitaji. Nimekilalia miaka arobaini na mmoja, nimezalia watoto watatu, sasa nataka kukikalia. Kata, kabla kaka yako hajakifanya kuni."

Basi kikakatwa. Ubao wa kichwani ukawa egemeo, mbavu zikawa fremu, chaga zikapangwa chini, na vile vinguzo vinne vya pembeni, vyenye vichwa vya mviringo kama machungwa, viwili vikatupwa kando na viwili vikawekwa nyuma kuwa pambo. Mimi nilipiga msasa na kushika ncha ya tepu. Wifi hakuwahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule. Alifunga mikanda ya mpira, akaweka springi alizokuwa ameziweka akiba tangu mwaka juzi, gunia juu yake, sponji ya inchi nne, na juu ya sponji hiyo nyingine laini ya inchi mbili. Egemeo akalilaza nyuma. Kitambaa kilikuwa cha buluu ya giza, kizito, na kila kona aliikunja kama anafunga zawadi. Siku tano. Kila baada ya muda alikuwa akilala chali sakafuni, magoti juu, akihesabu hadi mia, kisha anaendelea.

Siku ya tano, mchana, alijipangusa nyuzi, akageuka, akakaa. Dakika mbili zikapita, tatu zikapita. Nilipomtazama vizuri alikuwa amelala, mdomo wazi, koleo bado mkononi. Nikamwacha. Alipoamka alisema, "Limenikubali," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama mtu aliyesamehewa.

Tukamleta Mama. Tukamketisha, naye akashuka. Akaendelea kushuka. Springi zilimpokea, sponji ikamzunguka, magoti yakapanda juu ya kiuno, na egemeo likamvuta nyuma mpaka akabaki anatazama dari.

"Nimefika?" aliuliza.

"Mama, jaribu kuinuka."

Alijaribu. Mikono ikatafuta mahali pa kushika, ikapata uvimbe laini wa buluu unaobonyea. Alijitupa mbele mara moja, akarudi kulekule. Mara ya pili alirudi chini zaidi.

"Hiki kiti kinameza," akasema. "Nani kakifundisha kumeza watu?"

Mimi nilicheka, na Mama mwenyewe alianza kucheka. Kisha akajaribu tena na hakuweza, na kicheko kikaisha. Tulimshika kila mmoja kwapa, wifi akapiga ukelele wa mgongo wake, na tulipomtoa mle tulikuta kitambaa kimelowa. Mama alijifunika uso kwa mkono.

"Nirudisheni kitandani. Na wewe mwambie kaka yako aje mapema."

Siku mbili hakutaka kukaa wala kula vizuri. Wifi naye alikuwa akizunguka kile kiti bila kukigusa. Zilikuwa zimebaki siku saba.

Jibu lilikuwa ukutani muda wote, na tulilipata kwa sababu tu nilikuwa sina la kufanya. Katika sebule ile, nyuma ya mlango, wifi huandika kwa penseli vipimo vya kila kochi: urefu kutoka chini, kina cha kukalia, mwaka. Haviandiki kwa ajili ya mtu, ni mazoea yake tangu siku za sare. Mimi nina tabia ya kupanga maandishi yanayonijia mbele ya macho, hivyo nikachukua karatasi nikaanza kuyanakili kwa miaka. Kochi la mwanzo, lile la kitanda cha binti: urefu inchi kumi na nane, kina kumi na tisa. Miaka mitano baadaye: kumi na saba, kina ishirini na moja. Miaka kumi: kumi na sita na nusu. Mwaka jana: kumi na tano, kina ishirini na nne. Kiti cha Mama: kumi na nne na nusu, kina ishirini na tano.

Nikamwonyesha. Alisoma karatasi akiwa amebana misumari mdomoni, akaitoa mmoja mmoja na kuiweka kiganjani.

"Wateja wanapenda kuzama," akasema. "Wananisifu."

"Najua."

"Lakini mimi ndiye ninayekaa kwanza." Akaifumba misumari kiganjani. "Kumbe nimekuwa nikichoka, na makochi yakichoka pamoja nami. Kila mwaka nayashusha. Na watu wanabeba tu uchovu wangu wanapeleka kwenye sebule zao."

"Nao hawajalalamika."

"Kwa sababu na wao wamechoka! Mama hajachoka, wifi. Mama amelala miezi minane. Mimi nimemtengenezea kiti cha mtu anayetaka kubaki chini. Yeye anataka kiti cha kuondokea."

Sijui nimwelezeje alivyoonekana wakati ule. Hakufurahi. Alionekana kama mtu aliyepewa mzigo mwingine akiwa bado hajatua wa kwanza. Aliingia chumbani kwa mama yake, akasimama mlangoni.

"Mama, nakuomba unipe makalio yako nusu saa."

"Ya nini?"

"Nilipima yangu."

"Kwa hiyo shida ilikuwa makalio yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Ningekwambia tangu mwanzo. Nilikuzaa, nayajua. Haya, nisaidieni."

Tulichukua kreti la mbao la soda, tukalibana ukutani, na juu yake tukapanga mbao na mablanketi yaliyokunjwa, moja moja, tukimketisha Mama kila tulipoongeza. Pembeni tuliweka meza mbili ndogo za wateja ashike. Mimi niliandika. Inchi kumi na sita: hawezi. Kumi na saba: hawezi, anatukana. Kumi na nane: anainua makalio kidogo, anarudi. Kumi na tisa: nusu. Ishirini: alipumua, akasukuma, akasimama, mkono wangu ukiwa umemgusa mgongoni kwa hofu tu.

"Umenishika," akasema.

"Nimekugusa, Mama."

"Basi haijahesabika."

Ishirini na moja miguu ikaning'inia. Ishirini basi. Kina kumi na saba, ili visigino viweze kurudi nyuma chini ya kiti. Hilo Mama mwenyewe ndiye aliyeligundua: miguu ikiwa mbele hainuki, akiivuta nyuma anainuka. Kisha wifi akachunguza mikono ya Mama. Kila alipoinuka vidole vilikuwa vikitafuta kitu mbele zaidi, mbele ya magoti, kitu cha kufumbata.

"Unatafuta nini, Mama?"

"Nguzo za kitanda changu, nini kingine? Miaka yote niliamka kwa kushika nguzo. Wewe ukaziweka mgongoni zinipambe."

Wifi akatazama vile vinguzo viwili vilivyotupwa kando, vyenye vichwa vya machungwa, akavichukua.

Kufumua kunachosha kuliko kushona, kila fundi atakuambia. Kuna pini mia sita na zaidi katika kiti kile, na kila pini inachokonolewa kwa bisbisi na kuvutwa kwa koleo, na nyingine zinakatikia ndani ya mbao. Nilimwona wifi akibomoa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuzifanya, kona kwa kona, na kitambaa cha buluu kikabaki na matundu kama kimepigwa na mvua ya mawe. Springi zikatoka. Miguu ikaongezwa kwa vipande vya mbavu za kitanda, vikaungwa kwa gundi na skrubu. Kiti kikapunguzwa kina. Egemeo likasimamishwa. Juu ya chaga akaweka ubao, na juu ya ubao sponji moja tu, nzito, ile ya kukalia madereva, ambayo ukiibonyeza kwa ngumi inakurudishia ngumi yako. Mbele, pande zote mbili, vikasimama vile vinguzo, vikitokeza inchi nne mbele ya kiti, mbao tupu, bila kitambaa.

Katikati ya kazi hiyo aliniambia jambo moja, akiwa amelala chali akihesabu. "Wifi, usimwambie kaka. Siku tulipoanguka, Mama juu yangu, nilifurahi. Nilisema, afadhali, sasa watakuja kumchukua." Akaendelea kuhesabu, thelathini na moja, thelathini na mbili. "Halafu akanipiga begani, akasema, 'Umelalia mkono wangu, toka.' Wakati yeye ndiye aliyekuwa juu!" Akacheka, mgongo ukamuuma, akaacha. "Nikaona nitamkumbuka sana. Basi."

Ijumaa mchana kiti kilikuwa tayari. Kilikuwa kibaya. Kilisimama wima kama karani. Wifi hakukikalia. Alimwita Mama ajaribu, na Mama akakataa.

"Nikianguka leo nitaanguka tena kesho. Mara moja inatosha. Nitakaa akija."

"Mama, tungejua kama kuna la kurekebisha."

"Umerekebisha ulichoweza. Mimi nimezeeka, sijawa mbao."

Jumamosi saa nne mume wangu alifika na gari aliloazimwa na mwenzake kazini, na begi kubwa tupu. Aliliweka begi karibu na mlango, akasalimia, akatazama kile kiti, akatutazama sisi. Tulimketisha Mama, mimi kulia na wifi kushoto. Hakuzama. Alikaa juu kama hakimu, magoti sawa, mikono juu ya vichwa vya nguzo, akakodoa macho uani.

"Mmepanda maua?" akauliza.

"Tangu mwezi wa tatu, Mama," alisema wifi.

"Mabaya."

Tulikunywa chai. Mume wangu alizungumzia foleni za barabarani, kazi, mtoto wetu wa mwisho. Mama aliuliza maswali na kuyajibu mwenyewe. Hakuna aliyesema kilichotuleta. Wifi alikuwa amekaa juu ya ndoo, akijipangusa nyuzi kwenye gauni. Mwishowe mume wangu akaweka kikombe chini.

"Mama. Twende?"

"Ngoja nimalize kukaa."

Akavuta visigino nyuma. Akasogea mbele, kidogo kidogo, hadi ukingoni. Akashika nguzo, vidole vikazunguka vile vichwa vya mviringo bila kutafuta. Akapumua, akasukuma. Makalio yakaachana na kiti, shubiri moja kwenda juu, magoti yakicheza. Kisha mkono wa kushoto ukateleza, akarudi chini kwa kishindo.

Mume wangu akasimama.

"Kaka, kaa," alisema wifi.

"Ataumia."

"Kaa!"

Sikuwahi kumsikia akimpandishia kaka yake sauti. Akakaa. Mama hakuwatazama. Alikipangusa kiganja cha kushoto kwenye kanga, kikakauka, akakirudisha. Nilijikuta nimebana pumzi, na nakiri hapa kwamba sehemu ya ile pumzi nilikuwa nikijibania mimi mwenyewe na mgongo wangu na zile ngazi.

Mara ya pili hakufanya haraka. Alilaza kifua mbele mpaka pua ikawa juu ya magoti, kama mtu anayetafuta sindano, akasukuma chini kwa mikono na miguu pamoja, akapanda. Alisimama akiwa amepinda. Akanyooka robo, akanyooka nusu. Akauachia mkono mmoja, akauchukua mkongojo ulioegemea ukuta.

"Mnatazama nini?" akasema. "Nakwenda chooni."

Akaenda. Tulisikia mkongojo ukigonga sakafu, mguu ukiburuta, mlango ukifungwa. Baada ya muda sauti ikatoka kule ndani:

"Zungumzeni! Msinikalie kimya kama mmefiwa!"

Mume wangu akakohoa. Kisha, kwa sababu hakujua pa kuweka mwili wake, akainuka kwenye ndoo, akaenda kukaa kwenye kile kiti. Akajigeuza huku na huku.

"Kigumu."

"Hukutengenezewa wewe," alisema wifi.

"Na mgongo wako?"

"Upo."

"Sitanii. Kuinuka ameinuka. Lakini kumwogesha je? Kumgeuza? Leo umeshinda, kesho je?"

"Nimeshinda kazi, kaka. Zawadi yangu ni kazi." Akanigeukia. Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kuniomba kitu zaidi ya kushika ncha ya tepu. "Wifi, unaweza kuja Jumanne na Ijumaa? Kumwogesha tu. Siwezi peke yangu. Nilidhani naweza."

Nilikuwa nimeshaanza kuonja raha ya kurudi nyumbani kwangu mikono mitupu. Nikaimeza.

"Nitakuja."

Mama alitokea mlangoni, uso umemlowa kwa maji. Mume wangu akaruka kutoka kwenye kiti kama mtoto. Mama akageuka, akashika nguzo moja, kisha ya pili, akajishusha mwenyewe, na alipofika chini akakunja uso.

"Kina joto. Nani kakikalia?"

Mume wangu alichukua begi lake tupu, akamshika mama yake bega kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, akaniambia atanifuata jioni, akaondoka.

Wifi alilala kifudifudi sakafuni palepale, katikati ya vipande vya sponji na pini zilizopinda, akaniomba nimkande chini ya mbavu. Sikumkanda hata mara kumi. Alikuwa ameshalala, shavu juu ya kipande cha gunia, kile kidole gumba kisichokunja kimesimama peke yake. Nikamfunika kwa kitambaa cha buluu chenye matundu.

Haukupita muda, muuza dawa akachungulia mlangoni na stuli ya miguu mitatu kwapani. Alifungua mdomo kuita hodi. Mama, kutoka juu ya kiti chake, akamwinulia kidole.

"Fundi amelala," akasema kwa sauti ya chini. "Njoo kesho kutwa."

"Nilitaka tu kumuuliza kama..."

"Kesho kutwa. Hiyo iache hapo nje, niione. Ilikuwa na miguu mingapi ilipokuwa hai?"